Mipira ya Kusikiliza Anga

Jumatatu, 3 Machi

Kituo cha sayansi kimewekwa uwani. Uwani KWANGU! Si kwa Mama Meno. Binti yangu, kitinda mimba, msomi wa hewa ya juu, ametafuta utulivu mji mzima, hakuona kama kwa mama yake. Katikati kachimbia sanduku la chuma. Kutoka hapo katandaza mipira mirefu myeusi kila upande, kama miguu ya buibui.

Alinieleza, nikaelewa upesi, maana akili zile kazitoa kwangu. Huko baharini mbali mawimbi yakigongana hutoa mvumo mzito, mzito mno, sikio la mtu haliupati. Mvumo unapaa, unapita ndege zinaporuka, unafika hewa ya juu kabisa, unapindishwa na upepo wa huko, unarudi chini. Sanduku linaunasa. Yeye akisoma mchoro wake anajua huko juu kunavumaje, mahali ambapo hata puto halifiki.

Jumamosi profesa anakuja kukagua. Mchoro ukiwa safi, binti anapewa kituo cha kudumu na nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu. Ukiwa mchafu, anapewa mwenzake. Kaniomba jambo moja tu: mama, usiguse kitu. Niguse nini mimi?

Jumanne, 4 Machi

Nimemtangazia Mama Meno, fundi cherehani wa jirani. Mwanawe ni daktari wa meno, basi mtaa mzima hatupumui. Nikamwambia wangu hatazami vinywa vya watu, anasikiliza anga! Akaja na wateja wake wawili kusikiliza. Wakainama. Kimya. Akauliza kama anga limelala. Wakacheka hao!

Kisha akashika mpira mmoja. Akasema, dada, mmeuziwa mibovu, imetoboka. Nikatazama. Kweli! Vitundu kila mahali! Nikajibu kwamba ndiyo ya kisasa. Moyoni nawaka. Mwenye duka kamwibia mwanangu!

Jumatano, 5 Machi

Binti kashinda chuoni. Mimi nimeshinda kigodani na gundi na viraka vya baiskeli. Baba yake alichungulia, akauliza kama nimeagizwa. Nikamwambia wema hauagizwi. Akarudi ndani. Hana moyo wa kisayansi, yule.

Kila kitundu nimekiziba. Mgongo umekuwa upinde, lakini kazi! Fundi wa baiskeli angenipigia saluti. Sitamwambia binti. Nitatoboa siri Jumamosi mbele ya profesa, ajue msomi huyu katoka tumbo gani.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mchoro umekuwa kama nywele zisizochanwa. Binti anasema upepo wa uwani, huuhuu unaopeperusha nguo kwenye kamba, umeufunika mvumo wote. Kakagua nyaya. Kakagua betri. Chakula hataki. Nikamfariji: ashukuru vitundu viliwahi kuzibwa, ingekuwa mbaya zaidi.

Kijiko kikamdondoka. Akauliza, vitundu gani, mama?

Kumbe vitundu ndiyo kazi yenyewe! Upepo mdogo wa uwani huingia kila kitundu na fujo yake, fujo hizo zikikutana ndani zinafutana. Mvumo mkubwa huingia kote kwa pamoja, ndio unaobaki. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akasema tu kwamba aliniomba nisiguse kitu. Nikajibu sanduku sijaligusa. Akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu. Nimelia na vyombo jikoni.

Ijumaa, 7 Machi

Viraka havibanduki. Nilivibandika vizuri mno, hilo lazima lisemwe. Ilibaki kutoboa upya, na sindano imara anazo mmoja tu. Nikaenda. Mama Meno akaniuliza kama ile ya kisasa imepitwa na wakati. Nikameza. Nikamwambia, dada yangu, mtoto wetu anapoteza nafasi.

Akaacha kucheka palepale. Akafunika cherehani, akaja na kikopo kizima cha sindano. Tumetoboa mchana kutwa, yeye, mimi, binti, hata baba yake. Mama Meno ana mkono mwepesi, nakubali. Vyangu vimenyooka zaidi.

Jioni mstari ukatulia. Ukapanda, ukashuka, pole pole, kama kifua cha mtoto aliyelala. Binti akasema hiyo ndiyo bahari, imepitia juu kabisa kuja kwenu. Mama Meno alifuta macho. Mimi niliingiwa na vumbi.

Jumamosi, 8 Machi

Profesa kaja. Binti kamweleza yote, viraka pia! Nilitamani kujificha nyuma ya nguo kwenye kamba. Profesa akaweka mchoro wa Alhamisi kando ya wa jana, akacheka hadi akavua miwani. Akasema hajaona somo la vitundu lililo wazi namna hii, wala mwanafunzi asiyeficha kosa la nyumbani kwao.

KAPATA! Kituo na nafasi, mradi mchoro ubaki safi mwezi mzima. Wameongeza na sanduku la pili, karibu na ukuta. Nimemwita Mama Meno kwa sauti iliyosikika bila mtambo.

Jumapili, 9 Machi

Sanduku jipya halina mipira, lina bomba tu ubavuni. Mdomo wazi kabisa, unaingia kidole! Profesa mzima kasahau kulifunika. Wadudu je? Mvua je? Mipira sigusi tena, nimeapa. Lakini bomba si mpira. Nimepata kizibo cha chupa ya siki, kimekaa kama kilizaliwa pale. Binti akirudi atakuta mama yake kamfikiria.