Kuhusu Binti Yangu Kunichagua Mimi Kuwa Kiumbe Hai

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

Pokea salamu za fundi cherehani aliyeshona nusu ya sare zinazojipanga mbele yako kila asubuhi. Naandika kwa adabu, ingawa roho inanifukuta. Mwalimu wako wa biolojia, yule kijana ambaye watoto wanamwita Hadubini kwa jinsi anavyokodoa macho, aliwapa kidato cha kwanza kazi ya nyumbani: kila mmoja achague kiumbe hai anayepatikana kwao, amchunguze wiki nzima, kisha aandike sifa zake. Wenzake walichagua kuku, paka, hata mchicha. Wangu kanichagua mimi. Na sasa nasikia kazi zote zitabandikwa ukutani siku ya wazazi. Uso wangu nitauweka wapi?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kujongea. Ameandika: "Hujongea kwa nadra, hasa chai ikiwa tayari." Mwalimu, miguu hii inakanyaga pedali kutwa. Cherehani ingekuwa na magurudumu, saa hizi ningekuwa nchi nyingine.

2. Kukua. Alinipima kiuno kwa futikamba yangu mwenyewe. Nami, bwege, nikanyanyua mikono huku nacheka, nikidhani ananishonea shati kwa siri. Kumbe anachora grafu. Grafu yenyewe inapanda.

3. Kuhisi. Mama yake aliniita nibebe ndoo, nikakaa kimya. Akaita tena, kimya. Akataja maandazi, nikaitika. Yote yameandikwa. Mke wangu wa ndoa alikubali kutumika katika jaribio hili, tena kwa furaha ambayo sijaiona tangu harusi.

4. Kutoa takamwili. Hapa sisemi kitu. Ila mtu akifungua mlango wa choo chake akamkuta mwanawe amekaa nje na kalamu, mtu huyo amekosewa.

5. Kuzaana. "Imethibitishwa. Ushahidi ni mimi." Kinyozi tunayepakana naye aliposimuliwa na mwanawe, alicheka mpaka akamharibu mteja kisogo. Siku hizi watu wanachungulia kwangu na kuuliza kama kiumbe yupo.

Kwa hiyo naomba kazi ile isibandikwe. Naomba pia biolojia ifundishwe kwa vitu vilivyokwisha kufa, au kwa zile seli ambazo hakuna anayeziona, hivyo hazimwaibishi mtu. Hilo likishindikana, Hadubini ahamishiwe jiografia, maana milima haina majirani wa kuicheka. Na kama hata hilo ni gumu, basi somo lisimamishwe kwa kila mtoto ambaye baba yake bado anapumua.

Nilimuuliza binti taratibu, kwa nini mimi, na kuku wapo? Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kuku wanatoroka, baba. Wewe nikikutafuta upo." Nikajifanya natafuta sindano iliyoanguka, nikakaa chini ya meza kwa muda. Lakini msimamo wangu haujabadilika.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa shule, na mlinzi wa getini, mwambie suruali yake iko tayari. Hadubini naye msalimie, ila kidogo.

Ni mimi, mzazi (si kiumbe),
Fundi

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha, binti akaingia amenuna. Kashika nafasi ya pili. Wa kwanza ni mtoto wa kinyozi na kuku wake, eti kuku amejongea zaidi. Mwalimu Mkuu, tafadhali yafute yote niliyoandika. Kazi ya binti yangu ibandikwe karibu kabisa na mlango, kinyozi aione akiingia. Na Hadubini aje kwangu siku yoyote, aje na saa yake, apime upya. Nitajongea.