Bendera ya Kina Mama

Jumanne, 1 Machi 1977
Daktari wa Nairobi alisema kila asubuhi nitembeze vidole ukutani, juu kabisa, ili mkono ulegee. Nimeona kuandika shajara ni mazoezi yanayotosha. Ukuta nimeuacha.

Hali yangu ni hii. Titi la kushoto lilikatwa mwaka jana kwa sababu ya kansa. Kisha wakanichoma kwa mashine ya mionzi mpaka ngozi ikawa kama tako la sufuria. Daktari akasema nimepona. Mkono wa kushoto haukuambiwa: umevimba kama mhogo. Nachoka nikifunga kiatu. Nikikohoa mara mbili, naanza kufikiria nani atarithi vyombo vyangu. Joash, mume wangu, fundi wa reli, analala ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Simuulizi. Hasemi.

Mbaya zaidi ni Benedetta, jirani yangu, muuza uji. Ananisalimia huku macho yake yako kwenye blauzi yangu. Anataka bendera ya kina mama siku ya maandamano ya kanisa. Bendera hiyo nabeba mimi! Nikiiachia, watasema Wilkista amekwisha.

Pamba nimejaribu kujazia pengo la blauzi. Haina uzito, inapanda mpaka begani. Leo nimepata dawa: punje za wimbi ndani ya soksi ya Joash. Uzito sawasawa!

Ijumaa, 4 Machi
Asubuhi ushindi mtupu. Nimezunguka soko zima kifua mbele. Benedetta mwenyewe alisema nimenenepa. Nikamwambia ni chakula cha Nairobi.

Saa sita nikaona kuku mmoja ananifuata. Halafu wanne. Nikikata kona, nao wanakata kona. Soksi ilikuwa na tundu! Kila mume duniani ana soksi yenye tundu, nani angedhani? Nimefika nyumbani na kuku wote wa Benedetta, na kwa mbele nimekuwa bapa kama ubao. Akaja kuwachukua. Akasema kuku wake siku hizi wananipenda. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumatatu, 7 Machi
Kosa lilikuwa wimbi. Nimetumia kitu ambacho kuku hali: kahawa mbichi. Mwaka huu imemwagika kila mahali hapa Malaba, magunia ya magendo yanatoboka njiani. Niliokota punje nyuma ya stesheni, nikashona soksi mara mbili. Nikavuka mpaka kumsalimia shangazi wa ng'ambo, ambaye alikwisha kunililia matanga. Nilitaka anione mzima. Alinikumbatia, akanibonyeza, akaridhika.

Kurudi, nikasimamishwa pale forodhani. Afisa Omagor alisema wanawake wanaficha kahawa mwilini. Nikasema ni aibu kwa wanawake hao. Akamwita askari wa kike, Anyait, anipekue chumbani.

Akanigusa. Akasimama.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni titi langu."

"Mbona lina punje?"

Nikasema tunazaliwa hivyo upande wetu. Akaniambia nifungue blauzi. Mkono wangu haukuweza vifungo, akanifungulia mwenyewe. Soksi ikaanguka chini. Akaona kovu.

Kisha akaanza kunifunga vifungo, kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayemvisha mama yake. Akaniuliza kama bado kunauma. Nikasema hapana. Machozi yakanitoka. Chumba kile kina vumbi sana.

Alimwomba Omagor aniache niende zangu. Omagor akakubali, ila kahawa ibaki, sheria ni sheria. Akatoka nje na soksi ameishika juu, akauliza kwa sauti kubwa kahawa hii iandikwe kwa jina la nani. Foleni yote ilitazama.

Jumanne, 8 Machi
Joash alisikia habari hizo stesheni. Amerudi mapema, amekaa, amevua kofia. Akasema anataka kuona. Tangu nirudi hajaona hata mara moja. Nabadilisha nguo nyuma ya mlango. Nikamwambia aende akaangalie treni.

"Wilkista," akasema, "mimi nalala ukingoni kwa sababu naogopa kukuumiza huo mkono. Wewe ulidhani nini?"

Nilichodhani sikumwambia. Nikamwonyesha. Alitazama kama anavyotazama injini, kwa makini, bila haraka. Akasema walishona vizuri. Kisha akaleta mafuta, akaukanda mkono mpaka chai ikapoa. Usiku alilala katikati. Anakoroma. Nilikuwa nimesahau.

Amenishauri niwaambie kina mama ukweli. Nimeahidi kufikiria. Nimefikiria. Hapana.

Jumapili, 13 Machi
Nimebeba bendera. Kwa kina mama nilisema mkono umeumwa na nyuki. Walinyamaza wote pamoja, jambo ambalo si kawaida yao.

Tulipofika darajani upepo ukaja, mkono ukafa ganzi, bendera ikaanza kulala. Benedetta akaruka kutoka mstari wa nyuma, akashika mti wa bendera upande wangu wa kushoto. Hakuninyang'anya. Tukaibeba wawili mpaka kanisani, yeye akipunguza hatua kila nilipohema.

Ujanja mkubwa! Ameingiza mkono mmoja, mwaka ujao ataingiza wa pili.

Jumatano, 16 Machi
Benedetta alikuja kwa mlango wa nyuma, hakutaka chai. Akasema ana kitu kwapani, kama punje ya njugu, tangu Krismasi. Hajamwambia mtu. Akauliza kama na mimi nilianza hivyo.

Nikapapasa. Kipo. Uso niliukaza. Nikamwambia si lazima kiwe kansa, wengi hutolewa uvimbe wakarudi nyumbani. Ila hakuna kungoja hata wiki. Ijumaa tunapanda treni, nitakaa naye mpaka atakapoonwa na daktari. Akanishika mkono, ule wa kushoto, taratibu sana. Ndipo nikatambua kwamba ameujua ukweli siku nyingi. Pengine ni mwerevu kuliko nilivyodhani.

Akauliza atawaambia nini watu.

Nikamwambia aniachie mimi. Tutasema tunakwenda Nairobi kutazama vitambaa. Mwaka jana nilisema hivyo hivyo, na mpaka leo Malaba nzima haijui kitu.