Mtakatifu Yosefu Ndani ya Kabati la Bafuni

Leo nimeaibika, tena mbele ya mtakatifu. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, kwa hiyo mkiona herufi zimerukaruka mnisamehe, aibu bado haijaniisha.

Mnaonijua mnajua mimi ni mdadisi. Kitu nisichokielewa kinaninyima usingizi. Siku moja nikaona kwenye simu kabati la bafuni lenye soketi kwa ndani. Unachaji mashine yako ya kunyolea humo humo, unafunga mlango, waya hauonekani. Nikajiuliza: kwani huku kwetu Kizwite haiwezekani? Nikaita fundi, akatoboa ukuta, akaweka. Wiki nzima nilikuwa nafungua na kufunga lile kabati bila sababu yoyote.

Sasa, mama mkwe amekuja kutoka Chala kutibiwa miguu. Chala nako kuna baridi kama huku, lakini kule anachemshiwa maji kwa kuni mpaka yatoe moshi. Hapa kwetu tunabana gesi. (Ndiyo, tunabana. Msinitazame hivyo.) Juzi akasema wazi: "Maji yenu yananivunja mifupa. Yakiendelea hivi, Jumamosi narudi kwangu."

Mke wangu akanipiga jicho. Nikakimbia kununua hita ya bafuni. Fundi akasema hafungi mpaka mkaguzi wa umeme apite aone nyaya za nyumba nzima. Na jirani yangu, Mungu amsamehe, akaongeza lake: "Soketi bafuni? Wakiiona hiyo, hita sahau."

Asubuhi ya leo mkaguzi akapiga hodi. Mke yuko dukani kwake Majengo, nyumbani tupo mimi na mama mkwe. "Shikamoo mzee, karibu, anza na sebule," nikasema, huku miguu inakimbilia bafuni. Niifiche na nini? Taulo ataisogeza. Sabuni ataisogeza. Nikawaza, ni kitu gani mtu wa huku hakigusi ovyo?

Nikainua macho, nikamwona koridoni. Mtakatifu Yosefu! Ana fremu, ana kioo, amebarikiwa na padre. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyetupa siku ya ndoa. Nikamtungua, nikatoa taulo zote, nikamsimamisha ndani ya kabati. Soketi ikafunikwa barabara. (Nilijipongeza. Kwa sauti.)

Mkaguzi akaingia. Mtu mzima, mpole, tochi mkononi. Akaangalia taa, akaangalia swichi, akafungua kabati.

Akavua kofia.

"Kijana," akasema taratibu, "naomba kujua. Yosefu anafanya nini humu?"

Hapo ningesema ukweli, yangeisha. Mdomo ukatangulia: "Tunasali humu, mzee. Ukifunga mlango kunakuwa na utulivu."

"Bafuni?"

"Kila asubuhi."

Akanitazama, macho yakamlengalenga machozi. "Nimekagua nyumba nyingi, sijakuta imani ya namna hii. Mimi mwenyewe ni kiongozi wa jumuiya ya kanisa. Hebu tusali kidogo."

Jamani! Akafanya ishara ya msalaba, nami nikafanya. Wanaume wawili tumesimama mbele ya sinki. Yeye kafumba macho yote, mimi nimefumba moja. Kwa la pili nilitaka kujua kama soketi inachungulia pembeni ya fremu.

"Baba yetu uliye mbinguni..." Sauti yake nzito ikafika mpaka jikoni. Mama mkwe akaacha ulezi aliokuwa anapepeta, akaja kuona nani anasalisha. Hebu fikirieni. Mimi ambaye hata kupishana naye mlangoni nainamisha kichwa, leo nimekutana naye bafuni! Lakini sala ni sala. Akaitikia amina. Kisha akachungulia kabatini.

"Mkwe, huyu si Yosefu wangu?"

Kabla sijajibu, Yosefu akatetemeka.

Nikadhani ni macho yangu. Akatetemeka tena, halafu akaanza kuimba bongo fleva.

"Yesu na Maria!" Mama mkwe akajishika kifua. Mkaguzi akadondosha tochi. Ndipo nikakumbuka: simu yangu! Nilikuwa nimeiacha kwenye chaji humo kabatini tangu nilipoamka, na kwa haraka zangu nikaifunika pamoja na soketi. Picha ikainama, mkaguzi akaidaka hewani. Nyuma yake, kweupe kabisa: soketi, chaja, na simu inayowaka jina la mke wangu.

"Pokea," mkaguzi akasema.

Simu yangu spika ya sikioni ilikufa zamani, napokelea laudispika. Nikapokea. (Ningekata tu! Kwa nini sikukata?)

"Baba Neema, mkaguzi keshafika? Ile soketi ya bafuni umeificha? Usimwonyeshe, tutakosa hita!"

Mkaguzi akampa mama mkwe picha yake, akavaa kofia, akatoa kipima umeme. Akapima soketi. Akaenda kwenye boksi la swichi kubwa, akabonyeza, umeme ukakata, akaurudisha. Mimi namfuata nyuma kama mshitakiwa.

"Soketi haina tatizo," akasema. "Iko mbali na maji, ina waya wa ethi wa kupeleka umeme ardhini, na umeme ukivuja unajikata wenyewe. Ungeacha niione tu. Hita wafunge."

Nikaanza kushukuru. Akanikatiza, sauti chini kidogo:

"Ila ile sala, kijana, mimi nilikuwa nasali kweli."

Hapo ndipo aibu iliponiingia. Kuliko simu, kuliko mama mkwe. Nilitamani ardhi inimeze na kabati langu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha koridoni, anamfuta Yosefu kioo kwa upindo wa khanga, taratibu, kona kwa kona. "Mkwe," akasema bila kuinua uso, "Jumamosi siondoki tena. Nimeona nina kazi humu ndani."

Akamgeukia mkaguzi, wakaongea wawili wao kama vile sipo, wakamaliza. Alhamisi jumuiya inasali kwetu.

Majirani mtakaokuja, karibuni sana, uji wa ulezi utakuwepo. Ila atakayeomba kuonyeshwa bafu, nitajua amesoma hapa.