Wyoming Imefika Mtoni na Kusimama Nyuma ya Sinia

Chama cha Maendeleo, Mtoni,
Barabara ya Kilwa,
Dar es Salaam.
Juni, 1954

Kwa Mhariri wa gazeti la Mwenge wa Temeke.

Ndugu Mhariri,

Sikuulizi hali. Mtu anayechapa kurasa mbili kila Jumamosi juu ya nchi asiyoijua bila shaka ni mzima, tena ana karatasi za kuchezea. Mimi ni msomaji wako tangu toleo la kwanza. Nimesoma kila ulichochapa, hata matangazo ya dawa ya minyoo, na mara nyingi nimekuandikia kukusahihisha bila kupata shukrani. Leo siandiki kusahihisha. Naomba, kwa heshima zote, usimamishe makala ya Bwana Gaspar Ndunguru yaitwayo "Matembezi Yangu Wyoming", kabla hayajatubomolea mtaa.

Kwa wale waliobahatika kutoyasoma: Gaspar ni mwenzetu wa hapa Mtoni, mzaliwa wa Mbinga, ambaye mapadre walimpeleka Amerika mwaka mzima akajifunze ufugaji wa kondoo. Wyoming ni jimbo la huko magharibi, lenye milima, upepo na watu wachache. Gaspar hakurudi na kondoo hata mmoja. Alirudi na historia. Kila alipopata mapumziko alipanda basi kwenda kutazama mambo ya kale ya jimbo hilo, na sasa anatutazamisha na sisi, tutake tusitake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mambo yenyewe ya kale si ya kale. Gaspar ameandika kwamba kuna mahali ambapo mikokoteni ya wahamiaji ilipita kwa wingi hata magurudumu yakachimba mifereji katika jiwe, na kwamba watu husafiri kutwa nzima kuja kuitazama, wakifika wanavua kofia. Mikokoteni hiyo ilipita miaka mia moja iliyopita. Shangazi yangu wa Bukoba ana mtungi uliozidi historia hiyo kwa umri, na bado anautumia. Na kama ni mifereji, mbele ya duka la nazi hapa Mtoni lori la mkonge lilizama masika haya mpaka tairi zikatoweka. Hakuna aliyevua kofia isipokuwa dereva, naye aliivua ili aitupe chini. Naomba basi shimo letu lizungushiwe uzio, liwekewe mlinzi, na wageni wa Ulaya waletwe kuliheshimu.

2. Makala haya yanafundisha uharibifu. Gaspar anasifu mwamba mkubwa uitwao Mwamba wa Uhuru, ambao wasafiri wale waliuchonga majina yao wakipita, na leo majina hayo yanatunzwa kama mali ya taifa. Wiki iliyofuata, Benedikto mwenye mgahawa, mtu mzima mwenye ndevu, alichonga jina lake kwenye ukuta wa ofisi ya chama, kwa herufi za urefu wa kiganja. Nilipomkemea alinicheka. "Mwenyekiti, huo si uchafu, huo ni urithi. Ngoja miaka mia." Na ijulikane kwamba Benedikto huyo anakitaka kiti changu.

3. Mwandishi wako anaona kwa jicho moja. Mwamba wa majina ameupa safu tatu. Ngome ya Laramie, ambako serikali ya Amerika iliwekeana mkataba na wenyeji juu ya ardhi yao, ameipa sentensi moja, inayoishia hivi: "baadaye mambo yalibadilika." Mambo hayabadiliki yenyewe, Mhariri. Yana watu wanaoyabadilisha, na watu hao wana majina, tena mengine wameyachonga mwambani. Gaspar alifika hadi kwenye eneo walilotengewa wenyeji hao, akakuta watalii wakiwapiga picha wakicheza ngoma. Akapiga na yeye. Kumbe kwenda mbali kote huko ni kwenda kumfanyia mwenzako kile ambacho wageni wanakufanyia wewe kila siku ya sikukuu.

Halafu kuna lile la chakula. Anaandika kwamba katika mji mmoja alinunua chakula mgahawani akaenda kukilia nje, "kwa kuwa hewa ilikuwa nzuri." Aya mbili juu yake ameandika kwamba ilikuwa Januari na theluji ilimfika magotini. Mhariri, sisi tunaoishi Dar es Salaam tunaijua hewa hiyo. Tumeivuta kwenye milango ya hoteli nyingi za mjini, zenye kibao cha "Wazungu tu". Mwandishi anayeona haya kuliandika hilo aachiwe aandike habari za kondoo.

4. Sasa nafika kwenye jeraha lenyewe. Kila Jumamosi jioni mimi husoma gazeti lako kwa sauti barazani pa chama, kwa faida ya wasiojua kusoma. Wanaume hukaa kwenye mabenchi. Wanawake hukaa nyuma, kwenye mikeka, wakimenya mihogo, na kwa miaka yote hiyo sikupata kujua kama wanasikiliza. Jumamosi ile nilisoma, kwa ulimi wangu mwenyewe, kwamba jimbo la Wyoming liliwapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 1869.

Kisu kimoja kikanyamaza. Kilikuwa cha Bi Mwanakombo, muuza vitumbua, ambaye ukimya si desturi yake.

"Mwenyekiti, soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Mwaka gani huo?"

Nikautaja, nikaeleza kwamba ni kabla babu zetu hawajaiona bendera ya Mjerumani.

"Na sie?"

Benedikto akadakia kutoka benchi la mbele, "Nyie mna miko."

"Na nyie mna njaa," akajibu Bi Mwanakombo, na mikeka yote ikacheka. Baraza halijatulia tangu siku hiyo.

5. Ili uelewe hatari, lazima nikueleze mkutano wetu wa mwaka. Kila nyumba huleta sinia la chakula, na nyumba isiyoleta sinia haina kura. Masinia hupangwa mstari mmoja uwanjani. Wanawake huyatua na kuondoka, kisha kila mwanamume husimama nyuma ya sinia la nyumba yake na kunyoosha mkono. Ndivyo nilivyochaguliwa mimi, mara zote. Ni utaratibu mzuri, hauna karatasi wala kelele, na baada yake watu wanakula.

Sasa wanawake wanasema mwaka huu hawataondoka. Wanasema aliyepika ndiye atakayesimama. Nilimweleza mke wangu Demetria, kwa utulivu wa mtu aliyesoma, kwamba Wyoming ni jambo jingine. Huko wanawake walikuwa wachache mno, na wanaume wengine waliunga mkono kura hiyo wakitumaini itawavuta waje. Sisi wa kwetu tumekwisha kuwavuta. Wapo, tena wametuzidi. Kumvuta mtu aliye jikoni kwako ni kupoteza kamba. Demetria hakubishana. Aliniuliza tu, "Sinia letu unajua lina uzito gani?" Nimesoma vitabu vingi, lakini swali hilo halimo katika hata kimoja.

6. Na wanaitaka kura ya nini? Ya kisima. Benedikto amewaahidi wanaume paa la mabati kwa ukumbi wa chama, na mimi, nisije nikashindwa, nimeahidi paa hilohilo pamoja na baraza jipya. Wanawake wanataka tuache mabati tuchimbe kisima, kwa sababu maji ya mto Kizinga wanayoyateka yana chumvi bahari ikijaa na tope ikitoka, na mjukuu wa Bi Mwanakombo amelazwa kwa kuharisha mara mbili tangu masika. Sikatai kwamba mtoto amelazwa. Nilikwenda kumwona. Nauliza tu mambo haya yataishia wapi.

Fuatana nami, Mhariri. Wakipata kura, watapata kisima. Wakipata kisima, hawatakwenda mtoni alfajiri, na watakuwa na nafasi. Wakiwa na nafasi, watajifunza kusoma. Wakijua kusoma, watasoma gazeti lako, wataona lilivyo, na watakuandikia barua kali kuliko zangu. Hilo ni lako. Lakini siku wanawake wa Mtoni watakapojichagulia mwenyekiti wao, wanaume wa Mtoni watajiuliza kwa nini wao Bwana Shauri wa kutawala wilaya wanaletewa kutoka Ulaya akiwa amekwisha chaguliwa. Wataanza kuuliza kwa sauti, watu wazima, mchana kweupe, na patahitajika mtu wa kueleza kwamba watu wa nchi hii bado hawajakomaa kwa kura, ilhali wake zao wanapiga. Mimi sitakuwa mtu huyo. Wewe utakuwa?

Kwa hiyo naomba Wyoming ifungwe. Kama wasomaji hawawezi kuishi bila Amerika, mpeleke Gaspar kwenye jimbo ambako wanawake walicheleweshwa sana, na umwagize atembee polepole.

Nisalimie wapanga chapa wako, hasa yule anayekosea jina langu, na muuza magazeti wa Kariakoo, na mama watoto wako, ambaye nasikia anasoma. Basi usimwonyeshe barua hii. Demetria anakusalimu, ingawa hajui ninaandika nini.

Ni mimi msomaji wako mwenye uchungu,

Adelard B. Rwechungura,
Karani wa ghala la mkonge,
Mwenyekiti (kwa sasa).

Nyongeza, Agosti:

Barua hii ilikaa mfukoni mwa koti langu kwa sababu nilikuwa na kazi ya mikono. Nitakueleza.

Mkutano ulifanyika. Wanawake walitua masinia na hawakuondoka. Benedikto akawaamuru wapishe. Bi Mwanakombo akasema, "Haya jamani, tunapisha," na wote wakainama, wakajitwika masinia, wakashika njia ya kurudi majumbani na wali ukitoa moshi. Hawakufika kwenye mnazi wa kwanza. Wanaume ndio waliowakimbilia kuwarudisha, na Benedikto alikuwa mbele ya wote.

Kura zikapigwa na wote waliosimama nyuma ya masinia, wanawake kwa wanaume. Wanaume wote walikuwa wa Benedikto, hata wale niliowaandikia barua zao bure. Wanawake walinichagua mimi, nao ndio waliokuwa wengi. Nilipanda juu ya benchi kuwashukuru, nikaanza na Ugiriki ya kale. Bi Mwanakombo akanikata: "Shuka, Mwenyekiti, wala usivimbe. Benedikto tungemwagiza kisima leo, kesho amesahau, na nyumbani kwake nani wa kumkumbusha? Wewe, Demetria analala nawe."

Amenikumbusha kila asubuhi. Nimechimba na wenzangu, na Benedikto pia amechimba. Maji ni matamu.

Basi tafadhali futa lalamiko la kwanza hadi la sita, uchape salamu tu, na Gaspar aendelee. Ila umwulize jambo moja. Saruji ya mdomo wa kisima ilipokuwa bado mbichi, wanawake waliandika majina yao humo kuzunguka duara lote, na waliokuwa hawajui kuandika walifundishwa palepale. Langu halimo. Nilipouliza kwa nini, Demetria alisema ningoje miaka mia. Je, huko Wyoming nako wanaume walifanyiwa hivi?