Kimya cha Misikiti Minne

Jumatatu, 9 Januari 1995

Siku ya kumi na moja tangu barabara kuu ianze kupanuliwa nyuma ya mtaa wetu, ukingoni mwa Mji wa Kale. Vumbi katika maji ya udhu. Vumbi ndani ya saa ya ukutani! Leo Mwanatumu, mke wangu tangu miaka thelathini na minane, amevuka feri kwenda kwa dada yake Likoni. Pumu yake haistahimili. Alisema, Baba Fadhiya, nitarudi siku vumbi litakapokwisha, si kabla. Chai nimejipikia mwenyewe. Nilisahau majani. Alhamdulillahi ala kulli hali.

Jumanne, 10 Januari

Nimemwendea Injinia Charo, msimamizi wa kazi. Mkristo wa Kaloleni, kijana mwenye adabu. Alinipa kiti, akaniita Maalim. Nikamfafanulia haki ya jirani kwa muda wa dakika arubaini na tano. Akakubali kwamba kila isikikapo adhana, mashine zote zizimwe robo saa, watu wasali. Akasema pia upande wetu utakwisha Alhamisi ya wiki ijayo. Hilo sikulisikiliza sana, kwani fikira ilikwisha kunijia. Misikiti isikikayo hapa ni minne. Ikiadhini pamoja, twapata robo saa. Ikifuatana je?

Jumatano, 11 Januari

Nimewazuru waadhini wote wanne. Sikuwaomba watoke nje ya wakati, audhubillahi! Wakati wa Adhuhuri ni mpana, na wa Alasiri pia. Nimewaomba wapishane tu, kila mmoja amngoje mwenzake robo saa. Watatu waliridhia kwa heshima ya darsa zangu. Wa nne aliuliza kama ni mimi niliyemfukuza Mwanatumu au yeye ndiye aliyenikimbia. Nikamrudisha kwenye Adhuhuri. Naye akaridhia.

Alhamisi, 12 Januari

Ushindi wa wazi! Saa nzima ya kimya Adhuhuri, saa nzima Alasiri. Nimewasikia kunguru, na nimefurahi kuwasikia. Jirani yangu Sheikhan, seremala, alipita akinicheka. Ati mimi nazima kelele, yeye azima vumbi: amemwomba Charo lori la maji limwage njiani asubuhi na saa sita, na mkewe hajakohoa tangu jana. Akanishauri niombe limwage na upande wangu. Nilimshukuru. Kufuata rai ya seremala, kwa umri huu!

Jumamosi, 14 Januari

Sheikhan amekuja mlangoni, hata salamu hakuikamilisha. Adai maji yakimwagwa saa sita, mashine zikalala saa nzima, jua hukausha kila tone. Kisha madereva hurudi mbio kufidia muda, na vumbi huwa maradufu. Mkewe akohoa upya. “Maalim, kwa haki ya Mungu, turudishie kelele zetu!” Nilimkumbusha fadhila za subira. Alipoondoka nilipangusa meza mara tatu. Vumbi hili latoka wapi?

Jumatatu, 16 Januari

Nimevuka kwenda kumwona Mwanatumu, na halua mkononi. Apumua vizuri, uso wang'ara. Amehesabu siku: Alhamisi kazi inakwisha, Ijumaa yuko jikoni kwake, na Ramadhani itamkuta nyumbani. Nikamweleza mpango wangu wa waadhini. Aliiweka halua chini. Akauliza, Baba Fadhiya, mashine iliyozimwa humaliza kazi vipi? Dada yake alicheka hata akashika ukuta. Sikuona faida ya kubishana. Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Usiku huu vyote vimezidi.

Alhamisi, 19 Januari

Injinia Charo amekuja barazani, kofia mkononi. Kazi haikwisha. Lami humwagwa ikiwa moto, mashine zikazimwa saa nzima, ikapoa kabla ya kushindiliwa. Tangu Jumatatu kila siku wabomoa lami ya jana. Kwa mwendo huu wataingia Ramadhani, pengine hata Idi. Alinisihi waadhini watoe adhana pamoja kama zamani: akipata siku tano tu za robo saa, lami itashika na vumbi litakwisha kabla ya mwezi kuandama. Alisema kwa upole hata nikamhurumia. Nimemwambia nitafikiri.

Jumamosi, 21 Januari

Habari nzito. Mwanatumu ameleta ujumbe kwamba atafunga Likoni, nisimngoje. Sheikhan naye amempeleka mkewe kwa wazazi wake Tudor, na sasa twakaa kila mtu kwenye baraza yake, wanaume wawili wasio na chai. Alinitazama kana kwamba lipo jambo nililolifanya.

Nimesali istikhara, Mungu aniongoze. Nimefikiri siku mbili. Hatimaye kosa nimeliona, na naona haya kwamba limenichukua muda mrefu hivi. Kimya chetu ni kifupi mno! Saa moja haitoshi vumbi kutua. Msikiti wa tano, uliokuwa umefungwa kwa ukarabati, utafunguliwa Jumatatu. Muadhini wake nimekwisha kumwona, na ameridhia kuwa wa mwisho.

Nimemwandikia Mwanatumu asivunjike moyo. Kilichopungua ni robo saa tu ya kimya.