Habari za Kutekwa na Kukombolewa kwa Gari-Nyumba la Dada

Sogeeni, enyi watu wa mjini mliozoea kuamshwa na honi! Sogeeni nanyi mlio na wadogo wasiosikia na wakubwa wasioshaurika! Zimeni redio, nyamazisheni watoto, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana nitakayoyanena si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Nitawasimulia habari za asubuhi ile kuu, ambapo mwanamke mmoja, peke yake, mwenye gauni la kulalia na kandambili moja, aliizingira ngome ya bati katikati ya nyika na kuikomboa kutoka kwa adui aliyempenda kuliko kitu chochote duniani.

Habari za vita huandikwa na walioshinda. Hizi naziandika mimi niliyeshindwa. Ndivyo tulivyokubaliana, na pamoja na ubishi wangu wote, mimi si mtu wa kula matapishi yake.

Shujaa wetu ni dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka sita, Mlinzi wa Masjala, Bibi wa Makabati Kumi na Manne, aliyekaa miaka thelathini na mmoja katika chumba cha mafaili cha ofisi moja ya serikali na asipoteze hata karatasi. Wakurugenzi walikuja na wakurugenzi wakaondoka, yeye yupo. Faili likishaingia kwake limeingia. Ukitaka kulitoa, uje na barua, na sahihi, na uso wa adabu. Alipostaafu, naye shemeji yangu akiwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla, sisi ndugu tulitegemea atatulia afuge kuku. Wapi! Akanunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda, jiko la gesi, sinki lenye ukubwa wa bakuli la mchuzi na mapazia ya maua, kisha akatangaza kwamba anakwenda kulala nyikani. Na nani? Na mbwa.

Mbwa mwenyewe ni Muhuri, jabari wa miguu minne, mwenye masikio mawili yasiyokubaliana, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajapita sakafu yoyote bila kuigonga nyayo za tope.

Mimi nina duka la rangi. Nyuma ya duka kuna chumba, na chumba hicho nilikipaka rangi ya maziwa, mara mbili, nikatandika na kitanda. Nikamwambia, "Dada, njoo ukae hapa nikuone." Akakitazama toka dari mpaka sakafu, akasema, "Kizuri. Weka ndoo zako." Tukagombana wiki nzima. Mwishowe tukawekeana mkataba, nao ukaandikwa, kwa kuwa kwake yeye jambo lisiloandikwa halijatokea. Alale nyikani siku tatu, peke yake, asiombe msaada wa mtu. Kila asubuhi saa mbili kamili nitampigia simu. Asipopokea, nitapiga tena baada ya dakika kumi, kisha tena baada ya kumi nyingine. Ya tatu isipopokelewa, nawasha gari namfuata pamoja na fundi: gari-nyumba linarudi mjini na kuuzwa kwa kinyozi mmoja aliyekuwa akilimezea mate, na dada anahamia chumba cha rangi ya maziwa. Lakini akipokea siku zote tatu, mimi nisilitie mdomoni tena gari lake mpaka naingia kaburini, na habari zake niziandike kwa heshima zote. Tukatia sahihi. Yeye akaweka na nambari ya kumbukumbu.

Msinione mkorofi. Dada ninaye mmoja. Niliogopa, basi.

Akaenda, akaegesha juu ya kilima kidogo palipokuwa na mtandao, na pande zote nyasi kavu, mchanga na anga. Siku ya kwanza alipokea kabla simu haijaita vizuri. Siku ya pili alipokea huku akitafuna, makusudi. Ikabaki siku ya tatu.

Hapa yanipasa niwafunulie kosa, maana hakuna ngome iliyoanguka ambayo mwenyewe hakuacha ufa. Ili kunitoa hofu ya wezi, dada alikuwa amemfundisha Muhuri kufunga milango. Mwezi mzima walifanya kazi hiyo uani kwangu. Mlango ukijibamiza, Muhuri anaruka kwenye kiti cha dereva, anabonyeza kitufe kwa mguu wa mbele, klak, milango yote inajifunga. Akikosea anaambiwa "bado", anarudia; akipatia anaambiwa "safi sana", anapewa biskuti, anakwenda kulala akiwa mtu aliyemaliza kazi. Kitufe ni hicho hicho kimoja: ukikibonyeza kinafunga, ukikibonyeza tena kinafungua. Lakini kumfundisha Muhuri kufungua, hilo halikumjia dada akilini hata siku moja. Mtu wa masjala huyo. Kwao kufunga ni kazi, kufungua ni mpaka uombe.

Basi hata ilipopambazuka asubuhi ya tatu, jua likatoka bila haraka, na nyika yote ikageuka rangi ya ngano, na swala wawili watatu wakasimama mbali wakashangaa mapazia. Dada akaamka na ushindi tayari mkononi. Ilikuwa bado robo saa. Akatwaa sepeto ndogo, akashuka kwenda kutimiza lile jambo ambalo hata malkia hutumwa mwenyewe. Funguo zilikuwa kwenye msumari, ndani. Simu ilikuwa kitandani, ndani. Muhuri alikuwa chini ya kitanda, ndani, akiota. Mlango aliuacha wazi.

Ndipo ukaja Upepo, mpita njia asiye na hodi, uliotoka huko usikojulikana ukifagia mchanga, ukafika kwenye gari-nyumba, ukaona mlango, ukausukuma. Paa!

Muhuri akaamka. Mlango umejibamiza. Hakuuliza nani yuko wapi, hakuhesabu watu, hakungoja amri. Wajibu uliita, naye akaitika kwa kuruka.

Klak.

Dada aliusikia mlio huo akiwa nyuma ya kichaka. Akaja mbio kupitia nyasi, nyasi zikamvua kandambili ya kushoto, asigeuke kuiangalia. Akashika kitasa: kimegoma. Akazunguka mlango wa pili: umegoma. Dirisha la paa lilikuwa wazi kiasi cha kiganja, hewa ikipita vizuri, lakini mwanamke wa miaka sitini na nne hapiti kwenye kiganja. Na nyuma ya kioo, juu ya kiti cha dereva, alikaa Muhuri, kifua mbele, akingoja biskuti.

Ndipo shujaa akanyoosha sepeto mbinguni na kunena, akasema: "Ewe Muhuri! Mwana wa mama nisiyemjua, uliyeokotwa jalalani, ukaogeshwa kwa sabuni yangu mwenyewe! Je, hivi ndivyo unavyonilipa? Nimekulisha, nimekutibu kupe, nimekupa nusu ya kitanda na wewe ukachukua iliyobaki! Leo unaniweka nje ya nyumba yangu mbele ya swala? Nakuamuru kwa mamlaka yote niliyonayo na niliyokuwa nayo kazini, fungua lango hili!"

Muhuri akatikisa mkia.

"Muhuri, fungua bwana!" akasema dada. "Usinifanyie hivyo!"

Na wakati huohuo, kule mjini, mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, nikiangalia saa ya ukutani. Ikagonga mbili. Nikapiga.

Simu ikalia kitandani. Muhuri akaitazama simu, akamtazama dada, akaona mambo yote mawili hayamhusu. Ikalia mpaka ikakata. Nami sitawaficha: nilitabasamu. Nikamwita fundi, aliyekuwa ameshaweka visanduku vyake kwenye gari tangu asubuhi, nikamwambia amalizie chai.

Vita vikaanza upya. Dada akaona ukali haukufaa, akageukia ulaini. Akaweka shavu kwenye kioo, akaimba kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuisikia kwake tangu tuzaliwe: "Muhuri mzuri. Mtoto wa mama. Safi sana, safi sana baba, njoo, gusa hapo." Kila aliposema "safi sana" Muhuri alitikisa mkia, akalamba kioo, kisha mwishowe akajilaza kitini na kuweka kidevu juu ya miguu.

Akiwa katika hali hiyo akatokea mama mmoja mchunga mbuzi, na mbuzi wake ishirini, na mwavuli kwapani. Akasimama. Akatazama gauni, akatazama sepeto, akatazama mbwa.

"Hodi hapa. Umefungiwa nje na mbwa?"

"Sijafungiwa," akasema dada. "Namzingira."

"Aa." Mama yule akakaa juu ya jiwe, akafungua mwavuli wake. "Si uvunje kioo, dada yangu? Jiwe ndilo hili nimelikalia."

Shujaa akajifuta mchanga usoni, akanyooka, akajibu kwa sauti iliyotikisa masikio ya mbuzi: "La hasha! Nikilipokea jiwe lako, nimesaidiwa. Na nikikivunja kioo hiki, mdogo wangu atakibeba kama kombe, atazunguka nacho kwa ndugu wote, nyumba kwa nyumba, akisema, 'Si niliwaambia?' Bora nife nimesimama hapa hapa kwa mguu mmoja wa kandambili!"

"Haya," akasema mama wa mbuzi. "Mimi wala sijakusaidia. Nimekuonyesha jiwe tu."

Simu ikalia mara ya pili. Iliita mara nane, ikakata.

Hapo, wasikilizaji wangu, dada alikaa chini kwenye nyasi, na machozi yakamtoka. Alikiri kwangu mwenyewe. Hakulilia gari. Alikililia kile chumba changu cha rangi ya maziwa, alichokiona wazi mbele yake, na kitanda kimetandikwa, na mimi mlangoni nauliza kama amekula. Aliniambia, "Nilijua nikiingia mle sitoki tena. Nimewafungia watu mafaili miaka yote hiyo, najua faili lililofungwa linavyokaa." Nimeliandika hilo kama alivyolisema, ingawa lilinichoma.

Akalia, akamaliza, akapangusa miwani. Kisha akainua macho, akamtazama Muhuri aliyelala kitini ametulia tuli. Na ghafla uso ule akautambua. Alikuwa ameuona kazini miaka thelathini na mmoja! Ulikuwa uso wa karani kijana ambaye kazi yake imeshapokelewa na kutiwa sahihi, hata umwambie nini hanyanyuki mpaka kesho.

"Ole wangu," akanena. "Nani aliyeitia sahihi? Si mimi mwenyewe! Tangu saa ile nasimama hapa namwambia safi sana!"

Akasimama. Akashusha miwani mpaka ncha ya pua. Akavaa ule uso wake wa zamani, uso uliowahi kumrudisha mkurugenzi mlangoni akabishe hodi upya. Akautazama mlango, akamtazama Muhuri, akatikisa kichwa polepole.

"Hapana," akasema. "Bado."

Muhuri akainua kidevu. Bado? Akakaa kitako. Hakuna mkia. Alikitazama kitufe, akamtazama bosi, na wasiwasi mkubwa ukamwingia, maana kumbe kazi imekataliwa. Akainua mguu.

Klak.

"Limefunguka!" akapiga kelele mama wa mbuzi. Dada akaruka, mkono mbele, hatua mbili tu zimebaki. Lakini Muhuri ni mfanyakazi asiyependa lawama, na kwa kutaka uhakika akabonyeza tena. Klak. Kitasa kikagoma.

"Uuuwi!" akasema mama wa mbuzi. "Ungeanza umekishika, dada yangu!"

Nami kule mjini nikapiga mara ya tatu. Fundi alikuwa ameshakaa garini, amefunga mkanda. Funguo zilikuwa mkononi mwangu.

Simu ikaita mara moja. Mara mbili. Muhuri akageuza kichwa kuelekea kitandani. Mara ya tatu. Akashuka kitini aende akainuse. Na dada, ambaye kila mshipa wake ulitaka kupiga kelele na kubembeleza, hakubembeleza. Alishika kitasa kwa mkono wa kulia, akagonga kioo mara moja kwa kidole, kama anavyogonga mtu wa kaunta, na kwa sauti ya chini, kavu, isiyo na huruma, akasema:

"Nimesema bado."

Mara ya nne. Ya tano. Muhuri akarudi, masikio yote mawili yamekubaliana kwa mara ya kwanza. Mara ya sita. Akapanda kitini. Mara ya saba.

Klak!

Mlango ukafunguka kwa kishindo, dada akaingia kwa tumbo, akapita chini ya mbwa, akatambaa juu ya sinki sijui kwa njia gani, akaikamata simu ikiita mara ya nane.

"Haloo," akasema.

"Mbona unahema hivyo?"

"Mazoezi."

"Na huko nje nani anapiga vigelegele?"

"Mbuzi."

Nikamwambia fundi ashuke. Na hapo hapo dada, ambaye hajui kusema uongo mrefu, akanisimulia yote, mwanzo mpaka mwisho, akilia na kucheka, na Muhuri akitafuna pakiti nzima ya biskuti karibu na simu.

Basi na iwekwe kwenye kumbukumbu, isomwe kwa watoto na wajukuu: kwamba siku ya tatu ya kambi, saa mbili na dakika ishirini za asubuhi, gari-nyumba lilikombolewa, bila kioo kuvunjika, bila jiwe kuinuliwa, bila damu kumwagika. Hasara ya vita ilikuwa kandambili moja ya kushoto, iliyoliwa na mbuzi. Mbele ya ushindi huu, enyi mliovuka mito na kupanda milima, vueni kofia. Mlikwenda wengi.

Kabla hajakata nilimwambia, "Dada, umeshinda. Mkataba umekwisha. Kwa hiyo kesho nisipige?"

Nikasikia upepo tu, na mbwa akihema.

"Piga," akasema. "Saa mbili kamili. Na usipopiga, nawasha gari nakufuata."