Raba za Kulia Tupu

Jumatatu, 4 Agosti 1997. Moroni.
Laana! Jana watu wa kisiwa cha Nzwani wamejitenga na Komoro, wamejitangazia nchi yao. Wameshindwa kungoja wiki moja tu? Raba zangu za kiume zimefika dukani leo, hapa Magoudjou. Pamba tupu, soli za matairi makuukuu, gundi ya utomvu isiyonuka. Hakuna kilichotupwa, na mguu humo unastarehe kabisa! Fundi wa Majunga, kule Bukini, kazishona kwa mkono. Ila zote ni za kulia. Za kushoto zimeshuka Mutsamudu, hukohuko Nzwani, kwa shemeji Saindou. Nilipanga hivyo mwenyewe ili makuli wa bandarini wasiibe. Nani aibe kiatu cha mguu mmoja? Akili hiyo! Ningejuaje kama nchi itakatika?

Jumatano, 6 Agosti.
Bi Zoubeida, mwenye nyumba, kapita. Kasema nisipopata wateja kufikia Jumatatu, duka anampa Djoumoi, muuza ndala wa jirani. Miaka yote hii nimekaa hapa! Djoumoi kasimama mlangoni anachekelea, kaniuliza kama wenye mguu mmoja wameongezeka mjini. Mshenzi! Nikabandika tangazo: chukua cha kulia leo, cha kushoto nchi ikiungana. Kaja mzee mmoja wa Itsandra. Kajaribu, kasema hajawahi kuvaa kiatu laini hivyo. Kisha kauliza hiyo nchi itaungana saa ngapi.

Alhamisi, 7 Agosti.
Nimempata Saindou kwa simu. Nikamtaka alete za kushoto. Kasema nipeleke mimi za kulia, maana Mutsamudu sasa ni mji mkuu. Mji mkuu! Nikamkatia simu. Mke wangu Hadjira kawaka: huyo ni kaka yake. Kasema wakubwa wagombane wao, yeye anamtaka nduguye. Kahamishia mkeka wake chumba cha watoto.

Jumamosi, 9 Agosti.
Basi! Nimeshindwa. Kuna nahodha anavuka kimagendo. Nimempakilia raba za kulia zote, shemeji auze yeye, tugawane. Roho inaniuma! Simu sipigi ng'o. Simpi raha ya kunisikia nikiomba.

Jumatatu, 11 Agosti.
Asubuhi nahodha yuleyule karudi na maboksi kutoka Mutsamudu. Saindou kaagiza niambiwe ugomvi umeisha, niuze mimi. Nikaruka kwa furaha! Nikafungua. Za kushoto. Tupu! Na zangu za kulia ziko kwake tangu jana. Naye hakupiga simu, kwa kiburi chake! Hadjira kacheka mpaka kakaa chini, mara ya kwanza wiki nzima. Bi Zoubeida hakucheka. Naandika haya nimekalia boksi barabarani, Djoumoi anaingiza ndala zake dukani mwangu. Kaniomba nimpishe apite.

Kosa ni la Saindou. Mtu gani anapatana kimyakimya? Sikubali kushindwa! Nimeshaagiza herini za fedha kutoka Majunga. Za kulia zishuke Moroni, za kushoto Mutsamudu. Tuone makuli wataiba nini.